Ndege ya Kwenda Homa Bay

Kwa miaka miwili nilijipatia riziki kwa kuandika umbali. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani hapa Migori, nilimwambia naandika kwenye mtandao, naye aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyoitikia aliyeelezwa ugonjwa wa mtu. Nilikuwa nimesomea ualimu na nilikuwa nasubiri kuajiriwa. Katika kusubiri huko nikapata mteja wa nchi ya mbali, ambaye sikuwahi kumwona uso wala kumsikia sauti. Picha yake kwenye simu ilikuwa ya paka. Alikuwa na tovuti ya kueleza safari za ndege kutoka uwanja mmoja hadi mwingine: kilomita ngapi, muda gani, mji wa kwanza ukoje na wa pili ukoje. Alitaka kurasa hizo kwa Kiswahili kwa sababu, alisema, kwa Kiswahili hakuna aliyekuwa ameziandika. Hilo lilikuwa kweli. Vilevile hakuna aliyekuwa ameziulizia.

Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Nilizaliwa Kehancha, na kitu cha juu kabisa nilichowahi kupanda ni lori lililojaa marobota ya tumbaku. Hata hivyo niliandika Dodoma hadi Bujumbura, Lusaka hadi Kigali, na miji mingine ambayo nilikuwa nasoma majina yake kwa mara ya kwanza huku nikiisifia hali yake ya hewa. Kazi haikuwa ngumu. Kikokotoo cha tovuti kilichora mstari mnyoofu kati ya viwanja viwili, kikagawanya kilomita kwa mwendo wa ndege kubwa, kisha kikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Mimi nilizungushia maneno. Sentensi za mwisho zilikuwa zimeshaandikwa na mteja, nami nilikuwa nazinakili tu.

Ijumaa moja orodha ikaja na safari ya Migori hadi Homa Bay.

Nilidhani amekosea, nikamwuliza. Alijibu kwamba miji yote miwili ina viwanja vya ndege, basi inatosha. Kikokotoo kilisema kilomita hamsini na kitu, dakika nne angani, jumla dakika thelathini na nne. Niliitazama nambari hiyo kwa muda. Kwa hesabu ile abiria angepaa kwa robo saa, asafiri dakika nne, halafu atue kwa robo saa nyingine, na wakati wote huo Homa Bay ingekuwa hapo chini ikimngojea. Niliandika hivyohivyo. Mwishoni nikabandika sentensi ya mteja, ile ya siku zote: ndege huondoka kila siku asubuhi, na abiria anashauriwa kufika uwanjani saa moja kabla.

Hakuna ndege inayotoka Migori kwenda Homa Bay. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Lakini zilikuwa zimebaki kurasa tatu, na sentensi ile nilikuwa nimeshaizoea kiasi kwamba sikuwa naisoma tena.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, Msabato, aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote ya kazi. Yeye ni Mluo na mimi ni Mkuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo changu ni cha sokoni tu na Kikuria chake ni salamu moja ambayo hadi leo sijui kama huitamka vibaya kwa makusudi. Mimi nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na siku nilizomuudhi aliniita mpangaji. Kalamu yake nyekundu ilikaa mfukoni mwa shati hata baada ya kustaafu. Niliwahi kubandika tangazo langoni, "Tafadhali lango ifungwe." Niliporudi kutoka dukani nikakuta "ifungwe" imepigwa mstari, juu yake pameandikwa "lifungwe", na pembeni pana alama: sita kwa kumi.

Homa Bay alikuwa na ndugu yake mmoja, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa bwana shamba wa serikali. Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na miwili. Habari hiyo wapangaji wote waliijua. Mwalimu alimwoza binti yake, na huyo mdogo wake, ambaye alitakiwa kusimama kama baba mdogo, hakufika. Alipiga simu akasema barabara imeharibika mbele ya Rongo na gari limekwama. Mwalimu akasimama mbele ya wageni na sahani zao, akasema kwamba yeye naye hatapita tena barabara ya Rongo kwenda kwa mtu huyo: si kwa mguu, si kwa gurudumu, si kwa mgongo wa mnyama. Kutoka Migori kwenda Homa Bay kila mtu hupitia Rongo. Wageni walidhani ni hasira za ukumbini. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kutamka sentensi asiyoikusudia.

Halafu wiki moja mke wa mdogo wake akapiga simu. Mumewe alikuwa ameanguka bafuni, upande wa kushoto umelala, maneno yanatoka kwa shida. Alikuwa ametoka hospitali na yuko nyumbani, na mtu pekee anayemwulizia ni kaka yake. Mwalimu alinieleza hayo akiwa amesimama karibu na bomba ninapofua, akayaeleza yote kwa mfululizo, kisha akaniuliza kama tangi limejaa.

Nilimwambia aende.

"Nilishasema," alijibu.

Nikamwambia kiapo cha hasira Mungu husamehe, na mchungaji anaweza kumwombea kikafunguliwa.

"Msabato haapi, nyar Kuria. Sikuapa. Nilisema tu. Kiapo kina maombi yake. Neno utaliombea nini?"

Akaenda kulitazama tangi.

Jumanne iliyofuata, saa mbili na nusu asubuhi, alinipigia simu akaniambia nifike uwanja wa ndege mara moja kwa sababu kuna mtu hawezi kusoma. Nilipanda pikipiki. Nilimkuta amevaa suti ya kijivu, tai, na viatu vilivyopigwa rangi mpaka kwenye nyayo, amekalia begi lake nje ya geti. Ndani kulikuwa na njia ndefu tupu ya kurukia na nyasi zilizokatwa vizuri. Mlinzi alikuwa mtu mpole mwenye koti kubwa, na mkononi alikuwa ameshika karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Msomee," Mwalimu aliniambia.

Nilipokea karatasi nikaanza kusoma kwa sauti. Nilifika mstari wa pili ndipo nikatambua ni sentensi zangu, zimechapwa kutoka kwenye tovuti. Nilisoma kilomita. Nilisoma dakika thelathini na nne. Nilisoma kwamba abiria wengi hufurahia safari hii fupi na mandhari yake. Nilipofika kwenye ndege huondoka kila siku asubuhi, nilikohoa, nikamalizia kwamba abiria anashauriwa kufika saa moja kabla.

Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Dada," akasema, "karatasi naiona. Ndege ndiyo siioni."

Alitueleza kwamba ndege zinazotua hapo hutoka Nairobi na kurudi Nairobi. Mtu anayetaka kwenda Homa Bay kwa ndege kwa lazima anaweza kwenda Nairobi kwanza, alale huko, kisha atafute ndege ya kuja Homa Bay siku itakapokuwepo. Alichora kwa kijiti mchangani, Nairobi huku, sisi hapa, Homa Bay pale. Mwalimu aliinama akautazama mchoro kwa makini.

"Siwezi kwenda Nairobi kumwona mtu wa Homa Bay," alisema. "Nitamwambia nimetoka wapi?"

Hata hivyo hakuondoka. Alisema karatasi imetaja asubuhi, na asubuhi haijaisha. Tulikaa pale mpaka saa sita, mimi nimekalia jiwe, yeye begi. Mlinzi alituletea chai ya chupa. Mara moja ulisikika mngurumo kwa mbali na Mwalimu akasimama, akavuta koti lake chini. Ilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Saa sita kamili alikunja karatasi, akamshukuru mlinzi, tukarudi mjini kwa pikipiki, kila mmoja na yake.

Mchana huo sikula. Nilimwandikia mteja kwamba ukurasa una uongo na naomba sentensi ya mwisho iondolewe. Alijibu upesi na kwa furaha. Alisema ukurasa ule umesomwa mara nyingi kuliko kurasa zangu zote za mwezi huo, kwa hiyo usiguswe, na akaomba niandike wa kurudi, Homa Bay hadi Migori. Niliuandika. Niliandika: "Hakuna ndege. Panda gari." Akaukataa kwa sababu maneno hayatoshi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mwalimu kwenye kibaraza anapiga viatu rangi upya. Nilisimama mbele yake na mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya walimu wangu.

"Mwalimu," nikasema, "ule ukurasa niliuandika mimi."

"Najua."

Aliendelea kupiga brashi. Nilimwuliza amejuaje, kwa kuwa kurasa zile hazina jina la mtu.

"Mstari wa tatu umeandika 'ndege hizi inachukua'. Hakuna mtu mwingine anayekosea hivyo kwa ujasiri namna hiyo." Aliweka kiatu chini. "Ndiyo maana niliuamini. Nilisema huyu ninamfahamu. Ngeli zinamshinda, lakini si mwongo."

Nimekemewa mara nyingi maishani, na mama yangu ana mdomo unaojulikana Kehancha nzima, lakini hakuna karipio lililonikaa kama lile, na hakulisema kama karipio.

Niliingia ndani nikafungua ramani kwenye simu. Kuandika umbali kulikuwa kumenifundisha jambo moja, kwamba mstari mnyoofu haumsaidii mtu yeyote aliye chini. Niliifuata barabara kwa kidole mpaka ikapatikana njia: kutoka Migori unashuka Karungu ziwani, unapanda Magunga, unateremkia bonde la Lambwe, kisha unaibukia barabara ya Mbita na kuingia Homa Bay kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya safari ya kawaida. Nilimwonyesha Mwalimu. Alivaa miwani, akaifuata njia yote kwa ncha ya kalamu nyekundu bila kugusa kioo, akauliza kama Rongo imo. Nikamwambia haimo. Akauliza barabara hiyo inaitwaje. Nikamwambia kuna sehemu ambazo hata barabara yenyewe haipo sana.

"Hiyo ni afadhali," alisema.

Gari lilipatikana kwa jirani, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa na pikapu nyeupe na hakuwa na muda wa maneno. Kila Alhamisi alikwenda Karungu kununua omena waliokaushwa. Alikuwa na mteja wa duka Homa Bay ambaye alimlalamikia kwa muda mrefu kwamba hamfikii. Alikubali kutuchukua kwa sharti kwamba hakuna atakayemfundisha kuendesha. Mwalimu alimwahidi. Ilimgharimu kuishika ahadi hiyo, maana kwenye kona alikuwa anafumba macho.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mwalimu alivaa suti ileile, na begi lilikuwa lilelile, limeongezewa mikate miwili na mkungu wa ndizi. Karungu tulisubiri magunia saba yapakiwe. Mwalimu alisimama ufuoni akitazama maji kwa mbali, na yule mama akamwuliza kwa nini hakupanda tu boti, maana ziwa hilihili linafika Homa Bay na boti si mguu, si gurudumu wala si mnyama.

"Naogopa maji," Mwalimu alisema.

Mama wa omena alinitazama. Nilijua anachofikiria: mtu anayeogopa boti iliyopo alikuwa tayari kupanda ndege isiyokuwepo. Aliwasha gari.

Baada ya Magunga barabara ilishuka, na bonde la Lambwe likafunguka mbele yetu, pana na la majani. Kando ya njia palikuwa na vitambaa vya buluu vimetundikwa kwenye miti, mitego ya mbung'o, wale nzi wa malale. Mwalimu alipandisha kioo cha dirisha. Alisema walipokuwa watoto, yeye na mdogo wake, waliambiwa kwamba anayekatiza Lambwe hutokea upande wa pili amelala, na asipolala siku hiyo atalala mwaka ujao. Mdogo wake alikuwa akilia usiku kwa hofu hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akimwambia kwamba mbung'o hawaumi watu wa ukoo wao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema habari ya mdogo wake bila kumwita mtu huyo. Harufu ya omena ikatushinda, tukateremsha vioo tena.

Karibu na ua wa mbuga tulimwona twiga. Alikuwa amesimama ng'ambo ya waya, anatafuna. Mwalimu aliomba gari lisimame, na mama wa omena, sijui kwa nini, akasimama. Mwalimu alikuwa amemtumia twiga darasani kila mwaka kwa mifano ya ngeli, na alikuwa hajawahi kumwona. Alishuka, akasogea mpaka kwenye nyasi, akasimama na mikono nyuma. Twiga wa pili akajitokeza. Walitazamana, wao wawili na yeye mmoja. Aliporudi garini alikuwa na mbegu za nyasi kwenye suruali yote, na hakuzipangusa mpaka tulipofika.

Mbele kidogo mambo yakaharibika. Mvua ilikuwa imebeba kalvati, na mafundi waliokuwa wakijenga jingine walituambia tugeuke tutafute njia ya Ndhiwa. Mama wa omena aligeuza gari bila kuuliza. Mimi niliijua ramani ile kwa moyo. Njia ya Ndhiwa hutokea Rodi, na Rodi imekaa kwenye barabara ya kutoka Rongo. Nilikuwa nimeapa, mimi ambaye si Msabato, kwamba mzee huyu hatasikia tena uongo kutoka kwangu. Nikamwambia.

Akauliza kutoka Rodi mpaka kwa mdogo wake ni mbali kiasi gani.

Nikamwambia ni kipande kifupi tu.

"Neno halina vipande," alisema.

Tukaanza kushauriana. Nilipendekeza tushuke kabla ya Rodi tutembee kwenye mashamba, mbali na lami. Alilifikiria hilo kwa uzito kabisa, akitazama viatu vyake. Alisema kukanyaga mahindi ya watu kwa ajili ya neno lake mwenyewe si haki. Nikapendekeza turudi Lambwe tungoje kalvati. Akauliza kalvati huchukua siku ngapi. Mimi nikasema sijui, na yeye akasema mdogo wake hakuzaliwa juzi, na mtu wa kiharusi hangojewi kama saruji. Mama wa omena hakuchangia lolote. Tulikuwa bado tunajadili atushushe wapi Mwalimu alipoinua kichwa akaona gari limetulia na halirukiruki tena.

"Hii ni barabara gani?" aliuliza.

"Ya lami," alisema mama wa omena.

"Inatoka wapi?"

"Mwalimu, mteja wangu anafunga duka saa kumi."

Alikuwa ameshapita Rodi, amekata kushoto, na alikuwa anakimbia. Mwalimu alitazama mbele, mgongo umenyooka, begi limekumbatiwa magotini. Tulipofika karibu na uwanja wa ndege wa Homa Bay nilimwonyesha, nikidhani itamtuliza kuona kitu alichokuwa amekitafuta. Palikuwa na ua wa waya, na ile soksi kubwa ya kuonyesha upepo ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake.

"Kwa hiyo ndege ingeniteremsha hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Halafu?"

Niliangalia uwanja, nikaangalia barabara tuliyokuwa juu yake. Hapakuwa na nyingine.

"Halafu ungepita barabara hii," nikasema.

Alitoa leso akafuta miwani yake, upande mmoja, kisha wa pili.

"Sikupita," alisema mwishowe. "Nimepitishwa. Ni kitenzi kingine hicho."

Mama wa omena alisema hajui vitenzi ila kwa vyovyote tunafika. Mimi niligeuza uso nikatazama maduka.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa ya bati jekundu, yenye bustani ya sukumawiki iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama ya kitabuni. Mkewe alitoka, akamwona Mwalimu, akaweka chini ungo aliokuwa ameshika. Hakupiga kelele. Alitupisha mlangoni. Ndani, kwenye kiti kilichowekwa kutazama mlango, alikaa mzee mwenye uso wa Mwalimu, lakini mdogo, kama umefuliwa ukanywea. Mkono wa kushoto ulikuwa umelazwa juu ya mto.

Mwalimu alisimama kizingitini na mikate yake. Nilikuwa nimetarajia watakumbatiana, au mmoja atalia. Walitazamana tu. Mdogo mtu alijaribu kusema, midomo ikahangaika, neno likakwama. Akamwelekeza mkewe kwa kidole kuelekea nyuma ya nyumba. Mama yule akatoka na kurudi anasukuma baiskeli, ya kiume, nyeusi, ya zamani, yenye mnyororo uliopakwa mafuta na tandiko lililofunikwa kwa gunia safi.

"Baiskeli," alisema mgonjwa, silabi kwa silabi. "Yako. Ipo."

Mwalimu aliitazama baiskeli, akamtazama shemeji yake.

Ndipo mama yule akatueleza. Alisema mumewe, alipoajiriwa mara ya kwanza, aliazima baiskeli ya kaka yake ili azungukie wakulima, na hakuirudisha. Kaka alipoacha kuja, yeye alijua ni kwa sababu ya baiskeli hiyo. Aliona haya kuipeleka akiwa amechelewa kiasi kile, na kila mwaka haya ilizidi kwa kuwa mwaka ulikuwa umezidi. Kila mwisho wa mwezi aliipaka mafuta. Mwalimu akamwuliza, kwa upole sana, kama hawakusikia alichosema siku ya harusi. Mama akauliza alisema nini. Habari hiyo haikuwahi kuwafikia. Wageni wote waliokuwa kwenye harusi ile, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibeba. Mwalimu alikuwa amelitunza lile neno peke yake miaka yote hiyo, na aliyeambiwa hakuwahi kulisikia.

Mwalimu alikaa kwenye stuli karibu na mguu wa mdogo wake.

"Nilikuwa nimeisahau hiyo baiskeli," alisema.

Mgonjwa alimwangalia, halafu upande mmoja wa uso wake ukaanza kucheka, na kifua kikafuata. Mkewe aliniambia baadaye jikoni, tukila ugali na samaki, kwamba hakuwa amemwona akicheka tangu aanguke. Alisema hivyo huku anachambua miiba, na hakuinua macho.

Honi ya pikapu ililia nje. Mwalimu alisema atabaki siku mbili. Mimi na mama wa omena tulirudi kwa njia ya Rongo, na tulifika Migori jua halijazama.

Alikaa wiki saba. Mimi nilisoma mita za maji, nikalisha kuku wake, nikafungua lango na kulifunga. Kazi ya mteja wa paka niliiacha, au yeye aliniacha mimi. Sikuwa na hakika, kwa sababu hatukuagana. Nikaanza kufundisha watoto wa jirani hesabu, na wengi wao walizijua kuliko mimi.

Mke wa yule mdogo alikuwa ananipigia simu kunipa habari. Muuguzi alikuwa amewaambia kwamba mgonjwa lazima azungumze kila siku, apende asipende. Alipoulizwa maswali hakujibu. Alipoombwa asome alifumba macho. Ndipo Mwalimu akagundua kwamba mtu aliyekuwa bwana shamba anaweza kuvumilia kila kitu ila uongo kuhusu shamba. Basi kila asubuhi, baada ya uji, alivuta stuli akaanza kumwambia kwamba mahindi hupandwa kiangazi, kwamba mbuzi akikohoa anyweshwe mafuta ya taa, kwamba mihogo huiva ndani ya mwezi mmoja. Mdogo wake alikuwa anapiga kiti kwa mkono mzima. Siku za kwanza lilitoka neno moja, "hapana". Baadaye yakawa mawili, matatu.

Wiki ya tano Mwalimu alimwambia kwamba mbolea ya ng'ombe huua maharagwe. Mgonjwa alimkazia macho, akasema, "Ifuwo," yaani wewe ni mpumbavu, na baada ya hapo ikatoka habari yote ya mbolea, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama mahali.

Mke wake alinipigia siku hiyohiyo kunieleza. Nyuma yake nilisikia sauti za wazee wawili zikipandiana, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Alisema tangu asubuhi ni hivyo, kwamba yeye amehamishia kiti chake na redio jikoni, na akaniuliza mama wa omena atapita lini.